Sadaka Chini ya Bendera: Dini, Vita na Misaada kwenye Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Machi 1869 David Livingstone aliingia Ujiji akiwa hoi. Ugonjwa wa mapafu ulikuwa umemzidi, miguu haina nguvu, na sehemu kubwa ya safari alikuwa amebebwa kwenye machela na msafara wa Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara Mwislamu wa pembe za ndovu na watumwa. Bin Gharib ndiye aliyemlisha, akamuuguza, akamfikisha. Vitabu vya shule hupenda zaidi kisa cha 1871, mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mzee yule pale Ujiji, na mnara wa ukumbusho ni wa kisa hicho. Lakini anayetaka kuelewa misaada ya kidini kwenye mwambao huu afadhali aanze na ile machela: mmisionari anayepinga utumwa kaokolewa na mtu anayeishi kwa utumwa, na wote wawili, kila mmoja kwa dini yake, wanamtaja Mungu.

Toka hapo hadi leo mwambao huu umepokea watu wanaokimbia vita kwa takriban kila kizazi. Waliowapokea mara nyingi walikuwa watu wa dini: mapadre, wachungaji, masheikh, masista wa hospitali, wazee wa kanisa. Kuuliza kama walikuwa na huruma ni kupoteza wakati, walikuwa nayo. Swali lenye uzito ni nani aliyekuwa na kauli ya mwisho kuhusu mkimbizi, yaani alale wapi, ale nini, arudi kwao lini. Ukiliuliza hilo zama kwa zama, utaona sadaka haikuwahi kutembea peke yake. Kila mara ilikuwa na bendera juu yake.

Bendera ya kwanza ilikuwa na bunduki. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka London walifika Ujiji Agosti 1878, na Mapadre Weupe, shirika la Kikatoliki la Kardinali Lavigerie, Januari 1879. Wote walikuta eneo lililo kwenye vita ambavyo havikutangazwa na yeyote: misafara ya pembe na watumwa ikivuka kutoka Manyema ng'ambo ya ziwa, vijiji vya magharibi mwa ziwa vikichomwa, watoto wakiuzwa sokoni. Mapadre Weupe walichagua njia waliyoona ya haraka, wakawanunua watoto na kuwaacha huru. Watoto hao wakalelewa kwenye vituo vya misheni, wakafundishwa katekisimu na kilimo, wakabatizwa, na walipokua wakaozwa wao kwa wao, vikazaliwa vijiji vya Kikristo. Kwa macho ya leo kasoro inaonekana upesi. Anayelipa fidia analipa soko, na mtoto aliyekombolewa alibadilishiwa mmiliki kabla hajaulizwa chochote. Watu wa wakati ule pia waliiona. Mei 1881, kaskazini zaidi huko Rumonge, mapadre Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao D'Hoop waliuawa katika mapambano yaliyotokana na mgogoro juu ya mtoto wa namna hiyo. Kwa mapadre alikuwa roho iliyookolewa. Kwa waliowashambulia alikuwa mtu wao aliyechukuliwa.

Hata hivyo hesabu hii haifungwi kirahisi, kwa sababu ya watu kama Adrien Atiman. Huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe huko jangwani Algeria, kisha Lavigerie akampeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema, kusini mwa Kigoma kwenye ufuko huuhuu wa ziwa, mwaka 1889. Hakuondoka. Alitibu watu pale mpaka alipofariki 1956, miaka 67, akipitia Mjerumani, vita vya kwanza vya dunia, Mbelgiji na Mwingereza. Magavana walikuja na kuondoka, vituo vya jeshi vikageuka maghala, daktari akawa ni yuleyule. Nikiulizwa ni nani katika historia hii yote aliyetoa msaada wa vita kwa maana yake kamili, yaani kabla ya vita, wakati wa vita na baada ya vita, namtaja Atiman, ambaye mwenyewe alikuwa ameokolewa vitani.

Karema yenyewe ilikuwa boma la Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, wakawakabidhi Mapadre mwaka 1885. Ni zawadi ya kutafakari: misheni iliyohamia ndani ya boma la kijeshi. Ng'ambo, huko Mpala, alifika mwaka 1887 Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa kule Italia. Akaunda kikosi cha wenyeji, akapigana na watu wa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, aliyekuwa na nguvu Ujiji. Akaoa huko, akafa huko mwaka 1927. Kwa waliokimbilia Mpala, tofauti kati ya Joubert na kiongozi mwingine yeyote mwenye bunduki ilikuwa kwamba ukuta wake ulikuwa na kanisa ndani. Wakati huohuo Lavigerie alikuwa akihubiri Paris na London mwaka 1888 kuhusu mateso ya ziwani, na hotuba zake zilichangia hali iliyozaa Mkutano wa Brussels wa 1889-90 dhidi ya biashara ya watumwa. Kufikia mwanzoni mwa 1892 msafara wa Wabelgiji wa kupinga utumwa ulikuwa umejenga Albertville, Kalemie ya sasa. Tukio moja la huruma lilizaa lingine, na la mwisho likawa mkono wa dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Na upande wa Waislamu? Hapa msomaji ajihadhari na kabati la nyaraka. Lavigerie aliwaamuru mapadre wake waandike shajara ya kila kituo, siku kwa siku, na shajara hizo zimehifadhiwa. Msikiti hauna shajara ya kumpelekea mfadhili Ulaya. Ukifuata makaratasi tu, utaamini kwamba msaada kwenye ziwa hili ulikuwa kazi ya Wakristo peke yao. Lakini tazama Ujiji yenyewe. Wamanyema wa Ujiji, ambao ndio sura ya mji ule mpaka leo, ni wajukuu wa watu waliovuka ziwa wakiwa mateka, wapagazi, askari wa misafara, wake na wafuasi. Walitupwa ufukweni bila ukoo. Uislamu ukawapa ukoo mwingine: jina, mahali pa kuzikwa, futari ya Ramadhani, sadaka, mwenye kumsimamia binti siku ya ndoa, na baadaye tarika za kisufi zilizokusanya watu wa makabila yote chini ya sheikh mmoja. Hakuna aliyeyaita hayo mradi. Kama kazi ya msaada ni kumfanya mtu aliyevunjwa na vita awe tena mtu wa mahali fulani, Ujiji ilifanya kazi hiyo kwa mafanikio kuliko vituo vingi vya misheni, na iliifanya katika mji uleule ambao utajiri wake ulitoka kwenye biashara iliyowavunja. Utata huo tuuache kama ulivyo.

Vita vya kwanza vya dunia nivipite haraka. Meli Graf von Götzen ilishushwa majini Kigoma Februari 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 1916 Wabelgiji walipokaribia, na wanaume wa mikoa hii wakachukuliwa kubeba mizigo ya majeshi yote mawili. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa nchini, misheni zao zikabaki yatima. Fundisho la vita hivyo lilikuwa dogo na kali: shirika la dini lenye pasipoti ya adui haliwezi kumsaidia mtu.

Lililokuja kubadili Kigoma lilianzia mbali. Mwaka 1947, katika mji wa Lund nchini Sweden, makanisa ya Kilutheri yaliunda Shirikisho la Kilutheri Duniani, kwa sehemu kubwa kwa sababu Walutheri wengi wa Ulaya walikuwa wakimbizi. Shirikisho lenyewe hueleza kwamba wakati ule Mlutheri mmoja kati ya sita alikuwa amepoteza makazi. World Vision na wengine wanaofahamika katika kambi zetu nao wana mizizi ya namna hiyo, katika vita vya Ulaya au Korea. Kwa hiyo shirika ambalo Shirikisho hilo lilianzisha hapa nchini mwaka 1964 kwa jina la Tanganyika Christian Refugee Service, TCRS, lilikuja na ufundi wa watu waliowahi kupanga mablanketi katika magofu ya Ujerumani. Mkataba wake ulikuwa wa pande tatu: Serikali yenye ardhi na amri, UNHCR yenye fedha na sheria ya kimataifa, na TCRS yenye malori, mafundi na mabwana shamba. Kazi za mwanzo zilikuwa kwa Wanyarwanda, kule Muyenzi wilayani Ngara na Mwese huku Mpanda, na kwa Wamsumbiji kusini.

Halafu ikaja 1972. Aprili 29 uasi ulilipuka Rumonge na Nyanza-Lac, upande wa Burundi wa ziwa hili, na jeshi la Rais Micombero likajibu kwa kuwaua Wahutu, wasomi kwanza, kwa muda wa miezi. Makadirio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Waliookoka walitembea kupitia Manyovu au walipanda mitumbwi usiku. Waliowapokea mwanzo hawakuwa TCRS wala UNHCR. Walikuwa Waha wa vijijini, ambao Kirundi na Kiha huwafanya waelewane bila mkalimani, pamoja na parokia za mpakani. Mtu alipewa kona ya shamba, jembe la kuazima na mbegu ya muhogo. Wengine waliishi hivyo miaka ishirini bila kadi yoyote mfukoni.

Serikali haikuutaka mpango huo uendelee. Wakimbizi karibu na mpaka ni chokochoko, na nchi ya Ujamaa ilikuwa na msitu mkubwa usiolimwa huko Tabora na Mpanda. Wakahamishiwa Ulyankulu, Katumba kuanzia 1973, na mwishoni mwa muongo huo Mishamo. TCRS ilifyeka barabara, ikachimba visima, ikajenga shule na zahanati. Mishamo iligawanywa katika vijiji 16, kila familia na shamba lake. Baada ya misimu michache watu walikuwa wanajilisha na kuuza tumbaku na mahindi ya ziada, na mwaka 1985 TCRS ikakabidhi makazi kwa Serikali, ikafungasha. Ni mara chache sana katika historia ya misaada ya vita shirika kumaliza kazi na kuondoka. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo na watoto wao, uamuzi ambao haungewezekana kama wangekuwa wamekaa miaka yote hiyo kwenye maturubai wakisubiri unga.

Nasifu, lakini siufuniki upande wa pili. Wengi hawakwenda kwa hiari. Walipakiwa kwenye malori. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, katika kitabu chake cha 1995, alilinganisha Warundi wa Mishamo na wale waliobaki Kigoma mjini. Wa mjini walikuwa wamejichanganya, wakioana na wenyeji, wakijiita chochote kilichofaa siku hiyo. Wa Mishamo, waliokusanywa pamoja na kutawaliwa na kamanda wa makazi, walikuwa wakisimulia historia ya taifa lililo uhamishoni, kwa ukali kama wa maandiko matakatifu. Na ni Mishamo, mwaka 1980, kilikoanzishwa chama cha Palipehutu, ambacho baadaye kilibeba silaha. Shule zilijengwa kwa sadaka za waumini wa Ulaya, barabara vilevile, na ndani ya utulivu ule watu wakapanga vita ya kurudi. Sisemi TCRS ilikosea kujenga shule. Nasema kwamba kumsaidia mtu kusimama ni kumsaidia pia kwenda anakotaka, na anakotaka si lazima pawe kwenye ripoti.

Suala hilo lilikuwa limeshayaumiza makanisa kichwa kwingineko. Kule Biafra, iliyojitenga na Nigeria na ambayo Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua mwaka 1968, ndege za makanisa za usiku zililisha watu wengi, na bado wapo wanaosema zilirefusha vita. Mwaka 1970 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilianza kutoa ruzuku kwa vyama vya ukombozi, FRELIMO ikiwamo, kwa matumizi ya kibinadamu. Hao waliamua wazi kwamba hawako katikati. Mwalimu Nyerere, aliyepewa Nishani ya Nansen ya wakimbizi mwaka 1983, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, hakuwahi kujifanya yuko katikati.

Miaka ya tisini ilileta mambo mengine kabisa. Oktoba 21, 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na mamia ya maelfu wakavuka. Oktoba 1996 vita vya Zaire vilianzia Uvira, na Wabembe na Wafuliiru wa Kivu ya Kusini wakapanda chochote kinachoelea kuja Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa Novemba mwaka huo, Lugufu mwaka 1997. Mara hii hapakuwa na hekta wala jembe. Mkoa ulijaa kambi, na kambi zikajaa mashirika yenye misalaba kwenye milango ya magari: World Vision kwenye mgao wa chakula, TCRS, Caritas ya Wakatoliki, na Wajesuiti wa JRS waliokuwa wameanzisha Radio Kwizera kule Ngara mwaka 1995. Ukiwauliza kwa nini wamekuja, wangetaja Injili. Ukiangalia mkataba wa kazi, ulikuwa wa ukandarasi: kiasi fulani cha tani, kiasi fulani cha vyoo, taarifa kila robo mwaka. Kanuni za Maadili za mwaka 1994, zilizotiwa saini na Caritas, Shirikisho la Kilutheri na Baraza la Makanisa pamoja na Msalaba Mwekundu, zilikataza kutumia msaada kueneza imani. Ni hatua kubwa kutoka Karema ya 1885, na naiona ya haki. Lakini iliacha swali: kama huwezi kuhubiri, huna ardhi ya kugawa, na fedha ni ya mwingine, msalaba kwenye mlango wa gari unaongeza nini?

Mwaka 1997 jibu lilikuwa dogo mno. Jeshi lilizunguka vijiji vya Kigoma na kuwakusanya Warundi, wakiwamo walioishi humo tangu 1972 na kuoa humo, likawapeleka kambini. Human Rights Watch iliandika ripoti nzima juu ya operesheni hiyo. Mkandarasi hawezi kumkemea mwenye nyumba.

Siku ya mgao Nyarugusu ndiyo shule nzuri ya kulielewa hili. Watu wanajipanga kwa ukubwa wa kaya. Kadi inatobolewa, kopo linapima: unga wa mahindi, mbaazi za njano, mafuta, chumvi, unga wa uji. Mkongomani wa Fizi aliyezoea ugali wa muhogo na sombe anachukua unga wake wa mahindi, na kabla jua halijazama sehemu yake imeshabadilishwa kwa muhogo kwa mwanakijiji wa jirani. Ofisini hiyo huandikwa kama uvunjaji wa utaratibu. Kumbe ni soko dogo ambalo mkimbizi na mwenyeji wamelijenga bila kuombwa.

Ndani ya kambi hiyohiyo kuna mfumo wa pili wa msaada ambao hautokei kwenye ripoti. Makanisa ya Kipentekoste ya Kongo yalivuka ziwa yakiwa kamili: CELPA, jumuiya ya 5, na CEPAC, jumuiya ya 8, yenye asili ya wamisionari wa Norway na Sweden, yakaja na wachungaji wao, wazee wao, kina mama wao na kwaya zao. Yalijengwa kwa tofali za udongo kabla nyumba nyingi hazijajengwa. Mgeni anayefika na watoto bila mume anaulizwa ni wa jumuiya ya ngapi. Mfiwa anapata jeneza, mgonjwa anapata wa kumbeba. Kinachochangwa ni kikombe cha unga kutoka kwenye mgao uleule wa Umoja wa Mataifa. Misikiti ya kambini hufanya vivyo hivyo. Mpokeaji wa msaada ndiye mtoaji wa msaada, na hakuna fomu inayojua kumwandika mara mbili.

Mei 2015 ikaonyesha nani anabaki wakati utaratibu unapozidiwa. Baada ya tangazo la muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza wa Burundi, Warundi wapatao 50,000 walirundikana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima mkali na maji, kisichokuwa na barabara. Njia kuu ilikuwa ziwa, na chombo kikubwa kilikuwa MV Liemba, ile Götzen ya Mjerumani iliyozamishwa 1916, ikaibuliwa na Waingereza na kurudishwa kazini 1927. Ilishawahi kufanya kazi kama hiyo mwaka 1997, ikirudisha Uvira Wakongomani zaidi ya 75,000. Kagunga haikuwa na gati, kwa hiyo Liemba ilitia nanga mbali kidogo na mashua ndogo zikasomba watu: wazee walioinuliwa kwa makwapa, masufuria, magodoro, watoto waliofungwa mgongoni kwa kanga iliyolowa. Kila safari iliondoa watu wapatao 600. Ufukweni walijisaidia walipolala, na kipindupindu kikaingia. Waliougua walifika elfu tatu, waliokufa walizidi 30. Kigoma mjini watu walilazwa Uwanja wa Lake Tanganyika. Madaktari Wasio na Mipaka na Msalaba Mwekundu walifanya kazi kubwa ya dharura, lazima isemwe. Lakini mkoa haukuanza na mahema mwaka 2015. Kabanga ya Wakatoliki wilayani Kasulu na Heri ya Waadventista huko Buhigwe zilikuwa na wodi, wauguzi na mafundi wa maabara kwa miongo, zikihudumia mwenyeji na mkimbizi kwenye foleni moja. Hospitali hizo hazikujengwa kwa ajili ya vita, na ndiyo maana vita vikija huwa tayari zipo.

Bendera ya sasa ni ya mfadhili, na mwaka 2025 ilishushwa ghafla. Januari waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, Februari wakaingia Bukavu. Katika wiki hizohizo Washington ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi na kuanza kuivunja USAID. Kwa miaka mingi Wakongomani wa Nyarugusu walikuwa wakihamia Marekani kupitia ofisi ya Nairobi inayoendeshwa na Church World Service, shirika la makanisa ya Kiprotestanti. Waliowahoji waliajiriwa na shirika la kanisa, bajeti ikiwa ya Serikali ya Marekani. Wenye tiketi mkononi walibaki kambini. Aprili maaskofu Wakatoliki wa Marekani nao wakatangaza kwamba hawatahuisha mikataba yao na serikali ya kuwapokea wakimbizi, kwa kuwa fedha haipo.

TCRS imekuwa shirika la Kitanzania tangu 2006, na makanisa ya mkoa wa Kigoma yana maaskofu wazawa. Wakipenda wanaweza kuuliza kile ambacho mkandarasi hakuwahi kuruhusiwa kuuliza: kwa nini mkimbizi wa 1972 alipewa jembe, na wa 1996 akazuiwa hata kulima bustani nje ya kambi. Hilo halihitaji dola ya mtu. Linahitaji askofu, mchungaji na sheikh wa mkoa waketi na mkuu wa mkoa wakiwa na ramani ya mashamba mezani.